Zimwi la Plastiki Lakosa Chakula Katuba

Papa Adalbert alikuwa amekufa katika filamu zote za Djo, kijana mtengeneza filamu wa mtaa wao, Katuba. Katika ile ya harusi alikuwa maiti ya babu. Katika ile ya wachawi, mlango ulipofunguliwa alikutwa amekufa tayari. Katika ile ya hospitali Djo aliahidi kuwa mgonjwa atapona, ila filamu ikaisha kabla hajapona. Watu wa Katuba walikuwa wakimwuliza njiani kama amefufuka. Alicheka nao, mstaafu huyo wa reli mwenye sauti ya kusimamisha treni, lakini moyoni ilimkwaruza. Sauti yote ile, na kwenye filamu hakuna aliyewahi kuisikia.

Basi Djo alipomwambia kuwa safari hii atasema, mzee alikosa usingizi. Filamu ilikuwa ya kuzichekea zile filamu kubwa za vyombo vya angani. Chombo chenyewe kilikuwa tanki la maji lililopakwa rangi ya fedha, na wanaanga walivaa ndoo kichwani. Adalbert angekuwa Zimwi la sayari ya mbali, lisilokula kitu isipokuwa plastiki. Kwao imekwisha, basi linashuka Katuba, kwenye mfereji wa avenue yao, linakuta chupa na sashe, vile vifuko vya plastiki, zimejaa hadi juu, linapiga magoti na kulia kwa furaha: "Aksanti, bantu ba Katuba. Munanipikia muzuri." Maneno hayo aliyafanyia mazoezi chooni mpaka mkewe, Mama Cathy, akauliza kama kuna mgeni mule.

Kosa alilifanya mwenyewe. Alipita lupango kwa lupango, kila ua, akitangaza kuwa Jumamosi kamera inakuja, kuwa avenue yao itaonekana mpaka Golf kwa matajiri, nyuma ya zile kuta ndefu, mpaka Kasenga kwa shemeji zake wauza samaki. Jambo moja hakulisema: kwamba filamu inautaka uchafu wao. Nani angepita kwa watu kusema maneno kama hayo?

Mama Edith, shefu mwenye kuongoza avenue, aliposikia kamera na Golf, aliita salongo, kazi ya usafi ya watu wote. Ijumaa mchana kutwa watu wote walitoka na majembe na mafagio.

Jumamosi Djo alishuka na kamera, akautazama mfereji. Ulikuwa safi hadi simenti inaonekana, na wengi pale hawakujua kuwa chini mule kuna simenti. Mawe ya kando yalipakwa chokaa, maua yalipandwa ndani ya makopo. Mama Edith alisimama katikati na pagne mpya ya kitenge, akingoja kushukuriwa.

"Mama," Djo akasema polepole, "uchafu iko wapi?"

"Tulitosha yote, tukatupa mbali, mutoto wangu. Tunaweza kupokea bageni na uchafu?"

Djo akaketi juu ya chombo chake cha angani. Kamera ilikuwa ya kuazima, jioni ilipaswa kurudi kwa mwenyewe. Alisema bila uchafu hakuna Zimwi. Afadhali waende ng'ambo ya soko, anajua mfereji mmoja uliojaa vizuri, na kule kuna Doudou, mwigizaji mwenzao, ambaye maneno ya Zimwi ameshayashika. Jina la Doudou lilimwingia Adalbert kama mwiba.

Alimwomba Djo angoje kidogo, akaenda kuazima uchafu. Ule wa jana pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, ilishaupeleka mbali, lakini aliona avenue nzima haiwezi kukosa chupa. Kumbe inaweza. Mama Mwelwa, muuza maji ya sashe, aliapa kuwa sashe iliyotupwa hajawahi kuiona. Papa Chanda alieleza kuwa uchafu ule ulikuwa wa watu wa upande wa juu wa mfereji, mvua ndiyo iliyouleta. Ulikuwa mwezi wa saba, na mvua ya mwisho ilinyesha Pasaka. Jana mfereji ulijaa hadi juu, leo mwenye mali haonekani. Hata Adalbert mwenyewe, Mama Cathy alipomwuliza chupa zake za limonade zilikuwa zinaendaka wapi, alijibu kuwa hilo ni jambo jingine.

Djo alishaanza kukunja waya. Adalbert akavaa nguo ya Zimwi, chupa kifuani na mikononi, sashe kichwani, angalau aivae mara moja. Akaketi kando ya mfereji, akaangalia ndani. Huzuni yake haikuwa ya kuigiza.

"Natoka mbali yote ile," akasema, "na nakuta balishakula."

Watu wakacheka. Djo akaacha waya, akawasha kamera. Adalbert alipoiona imewaka akasimama, akaenda kubisha kwa Mama Edith.

"Mama, miye natoka kule juu. Kwetu plastiki ilishaisha. Naomba paka sashe moja tu."

Mama Edith hakujua kama anasema na Adalbert au na Zimwi, lakini mlangoni pake hakuna aliyewahi kuondoka na njaa. "Uchafu hapa hakuna, papa. Uliza kwa jirani. Bukari njo iko. Ingia, nawa mikono."

Mikono yenyewe ilikuwa chupa. Akainawa. Zimwi likala bukari, ule ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo, likatafuna, likatazama tumbo lake kwa mshangao, likaanguka chali. Djo akanong'ona asipumue. Hakukuwa na haja. Kazi hiyo mzee aliijua. Amekufa tena, sawa, lakini safari hii amekufa baada ya kusema.

Filamu ilionyeshwa jioni moja kwenye shuka jeupe ukutani kwa Mama Edith. Avenue nzima ilikuja, ikanywa maji ya sashe, ikala kalanga za sashe, ikacheka hadi machozi Zimwi lilipokosa chakula. Watu wakamwita Adalbert asimame, arudie maneno. Akayarudia, na sauti ikafika hadi barabarani.

Walipotawanyika, Mama Edith alibaki anatazama chini, sashe tupu kuanzia ukutani mpaka kwenye mfereji. Akamwita Adalbert kabla hajafika mlangoni.

"Papa," akamwambia, "rudia kuvaa ile nguo yako. Chakula inaiva."