Swichi ya Shemeji

Saliha alimfukuza Spéciose mbele ya wateja, na hilo ndilo alilokuwa hapendi kulikumbuka. Angeweza kumwita chumbani akamwambia taratibu. Badala yake aliumwaga mkoba wa Spéciose juu ya kaunta, palepale penye vikombe vya mtindi, akapekua kitenge, kitana na kipande cha sabuni, kana kwamba umeme ni kitu cha kufichwa mkobani.

Maana ulioibwa ulikuwa umeme. Bili ya duka lake la mtindi pale Buyenzi, mjini Bujumbura, ilikuwa imepanda miezi mingi mfululizo, na aliyemwonyesha mwizi alikuwa Nasor, mdogo wa marehemu mumewe. Nasor alikuwa na ofisi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, ukuta kwa ukuta na duka hilo.

"Shemeji, huyu mufanyakazi wako iko anapigia watu ya mutaa pasi na umeme yako," alimwambia. "Mi nimeona na macho yangu."

Nasor alikuwa mtu wa tasbihi mkononi, swala tano hazimpiti. Nani angemtilia shaka? Spéciose alikuwa amemfanyia Saliha kazi miaka kumi na moja. Siku ambazo risasi zilimzuia kurudi kwao Carama, alilala kwenye mkeka mmoja na watoto wa Saliha. Siku hiyo aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akakunja kitenge vizuri, akaondoka bila kujitetea. Mwezi uliofuata bili ikashuka kidogo, kwa sababu umeme ulikatika sana mjini, lakini Saliha akaona huo ndio ushahidi. Kisha ikapanda tena.

Mwaka 2001 kiangazi kilikuwa kikali, na mgao wa umeme ukawa wa kutia kichaa. Maziwa yaliganda vibaya, wateja wakaanza kununa. Saliha akaona asipobana matumizi duka litamfia mikononi. Akamwita Cirimwami, fundi wa mafriji, Mkongo wa Bukavu mwenye maneno machache. Cirimwami alibadilisha mipira ya milango ya friji iliyokuwa imelegea, akazisogeza friji mbali na ukuta zipate kupumua, akang'oa balbu kubwa akaweka taa za mirija. Penye nafasi tupu ndani ya friji alipanga madumu ya maji, yakiganda yashike baridi hata umeme ukikatika kutwa nzima. Na kweli yalishika. Mtindi haukuharibika tena. Bili tu ndiyo iliyokataa katakata kushuka.

Cirimwami alikuna kichwa. "Mama, Ijumaa ukifunga duka saa ya sala, zima kila kitu. Hata redio. Tuangalie konteri."

Ijumaa ya kwanza ya Rajabu wakazima kila kitu. Duka likawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Ndani ya konteri, yaani mita ya umeme, kile kisahani chenye alama nyekundu kiliendelea kuzunguka, tena kwa mbio. Nasor alikuwa msikitini, safu ya mbele bila shaka, lakini karani wake Candide hakuwa Mwislamu na saa hiyo alikuwa kazini. Printa yake ilisikika ikikwaruza upande wa pili wa ukuta. Cirimwami akasogeza kabati la zamani. Nyuma yake waya mweusi ulitoka kwenye nyaya za Saliha, ukapenya tundu la ukutani, ukaingia kwa shemeji.

Huyu ndiye Nasor aliyekuwa akijisifu mtaa mzima kwa usalama wa ofisi yake! Mlango wa chuma, makufuli mawili, neno la siri kwenye kila kompyuta, disketi zimefungiwa ndani ya kasha. Alijikinga na kila mwizi wa Bujumbura, na ndani alikaa yeye.

Cirimwami alitoa koleo akate.

"Acha," Saliha alisema.

Aliuona tena akilini mkoba wa Spéciose umemwagwa kwenye kaunta. Alijua fika kitakachotokea akilisema jambo hili: wazee wa ukoo watakaa, chai itanywewa, Nasor atalia machozi mawili, ataambiwa asirudie, na yeye ataambiwa Ramadhani inakaribia, asamehe. Hakutaka kusamehe. Alitaka Nasor akione cha mtema kuni.

"Usikate. Nitilie swichi kwenye huo waya. Hapa, karibu na kiti changu."

Fundi alimtazama, akatazama koleo mkononi mwake, akafanya kazi bila kuuliza.

Kuanzia hapo Saliha alipata utamu ambao hakuwa ameuonja tangu aolewe. Hakuzima ovyo. Alikaa kwenye kiti chake akikoroga mtindi, sikio ukutani. Mwanafunzi wa chuo alikuja kuandikiwa kazi yake ya mwisho wa masomo, asubuhi nzima Candide akagonga kibodi. Alipomsikia anasema, "Bado ukurasa moja," Saliha alinyoosha mkono. Tap! Akahesabu mpaka tano, akawasha. Upande wa pili sauti ya mwanafunzi ikapanda: yote imepotea? Yote? Saliha akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

Siku nyingine alikawia kuwasha, na Nasor akaja mlangoni, jasho linamtoka.

"Shemeji, kwako umeme iko?"

"Iko, shemeji, alhamdulillah. Kwako haiko?"

Angejibu nini? Aseme haiko, ataulizwa wa kwako unatoka wapi. Akajifanya kikohozi kimembana. "Iko, iko. Niliuliza tu."

Hivyo ndivyo alivyomkalia kooni. Nasor hakuweza kumwita fundi wa shirika la umeme, hakuweza kulalamika kwa jirani, hakuweza hata kumwambia mkewe. Alianza kusema kuna hasidi. Akamleta maalim asome Yasini juu ya kompyuta. Saliha, kwa heshima ya Kur'ani, hakugusa kitu muda wote wa kisomo, na akampelekea maalim bakuli la mtindi. Maalim alipokunja kona ya barabara, tap! Shaabani ikaisha hivyo, Ramadhani ikaisha hivyo. Candide akaacha kazi. Katika Shawwal kompyuta kubwa ikagoma kabisa kuwaka, na ndani yake kulikuwa na kurasa mia tatu za Adolphe, mwenye shirika dogo la kusaidia waliokimbia vita. Adolphe alikuja kuchukua kazi yake, akaambiwa haipo. Alimtukana Nasor barabarani, mbele ya mtaa mzima, akamwita tapeli. Nasor alikaa kwenye ngazi ya ofisi yake akalia kama mtoto.

Hapo roho ya Saliha ikatulia. Alimwita dukani, akasogeza kabati, akamwonyesha waya, akamwonyesha swichi. Nasor alifungua mdomo ajitetee.

"Sitaki neno," Saliha alisema. "Kesho asubuhi tunaenda Carama, kwa Spéciose. Utasema na mudomo yako mwenyewe."

Walikodi teksi, Saliha akakaa mbele. Njia nzima alikuwa na raha ya mtu anayepeleka zawadi. Akilini alimwona Spéciose akipiga makofi, akimtemea Nasor mate, kisha akifunga virago warudi wote Buyenzi. Alikuwa hata ameshamwandalia mkeka.

Spéciose walimkuta nyuma ya nyumba aking'oa maharage. Alikuwa amekonda, shingo imetoka mishipa. Aliwapa benchi moja wakae, yeye akasimama. Nasor akasema, macho chini: yeye ndiye aliyeiba umeme, na yeye ndiye aliyemsingizia. Alisema yote, hata Saliha hakulazimika kumkumbusha.

Spéciose alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga makofi.

"Asante, baba. We umesema yako," alimwambia. Kisha akamgeukia Saliha. "Na we, Mama Rania, ulijua lini?"

Swali hilo Saliha hakuwa amelitarajia. "Rajabu," alisema. "Mwanzo wa Rajabu. Lakini nilimutesa, Spéciose! Ungeona! Nilimuzimia umeme kila siku, kwa ajili yako..."

"Rajabu ni mwezi gani ya kwetu?"

"Wa tisa."

"Sasa tuko ya kumi na mbili." Spéciose alipangusa udongo mikononi, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. "Mwezi ya kumi nilipata kazi Kigobe, kwa watu wakubwa. Wakasema, lete neno ya pale ulifanya kazi zamani. Nikatembea na miguu mpaka Buyenzi. Nikasimama ngambo ya barabara, nikakuona mu kiti yako. Ulikuwa unacheka, umeziba mudomo. Nikasema, aha, bado iko ananicheka mi mwizi. Nikarudi. Kazi ikaenda kwa mwingine."

"Spéciose, sikukuona. Wallahi sikukuona."

"Najua. Ulikuwa na kazi."

Saliha alitaka kumwambia habari za mkeka, kwamba arudi, kwamba atasema mbele ya wateja wote. Lakini maneno hayo alijua angeweza kuyasema tangu Ijumaa ile, saa ileile, na nauli ya kuja hapa ilikuwa kwenye droo chini ya swichi.

"Rudini nyumbani, Mama Rania," Spéciose alisema, akainamia tena maharage yake. "Wanajeshi wanafunga barabara mapema siku hizi."

Kwenye teksi askari mmoja alikuwa ameshapewa lifti, amekaa mbele na bunduki magotini. Nasor akajisogeza kwenye kiti cha nyuma kumpisha shemeji yake. Saliha akaingia, akakaa kando yake, na njia nzima mpaka Buyenzi hakupata neno hata moja la kumlaumu.