Kipa wa Timu ya Wasusi

Wale waliotucheka raundi ya kwanza, eti wasusi wataweza nini Kombe la Taifa, sasa wanapanga foleni saluni kwangu. Mtoano hauna marudiano: ukifungwa, unarudi kwenu. Sisi tuliwarudisha wenzetu kwao mmoja mmoja mpaka nusu fainali, nami golini, jina langu la utani Kufuli. Binti yangu Twiga alikuwa kipa wa akiba. Nilimwambia benchi linamfaa, azidi kukua, maana ng'ombe hazeeki maini.

Desturi yetu ni kusukana wenyewe kabla ya mechi, na wa kumalizia kwa mafuta ni mimi. Siku ya nusu fainali nikapaka vichwa vyote, tukaitwa uwanjani, nikavaa glavu juu ya mafuta yale yale. Ukaja mpira ambao hata bibi kizee angeudaka. Nikaupiga ngumi. Glavu ikachomoka ikaenda zake mbele, mpira nao ukaenda zake nyavuni. Tulishinda tatu kwa mbili, lakini mtaani hakuna aliyezungumzia yale matatu.

Keshokutwa yake kocha, mdogo wake mume wangu, akanikuta namsuka mteja.

"Shemeji, fainali nafikiria kumweka Twiga."

"Fikiria tu. Kufikiria hakukatazwi."

"Una miaka arobaini na moja."

"Na wewe una kitambi, mbona hatujakufukuza ukocha?"

Mteja alicheka mpaka mstari ukanipotea. Twiga, aliyekuwa anaosha mtu nywele kwenye sinki, hakucheka. "Baba mdogo, mwache mama adake," akasema. "Hii fainali alianza kuisubiri kabla sijazaliwa." Nikajifanya sikusikia, maana ni kweli, niliitaka fainali ile kuliko kitu chochote.

Basi nikadaka. Sisemi kwa kujisifu, ingawa najisifu. Dakika tisini bila bao, nyongeza nayo ikawa inaelekea ukingoni bila bao. Penalti zikaanza kunukia, na hapo nikakumbana na jambo nililokuwa nalikwepa. Mazoezini Twiga hunizidi kwa penalti. Mikono yake inafika nguzo zote mbili; yangu inaishia kwenye nia. Timu nzima inajua, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Kocha mwenyewe alikuwa anatazama nyasi.

Nikamwinulia mkono. "Shemeji, nitoe."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Mwingize mtoto."

Iliniuma, sikatai. Tulipopishana mstarini Twiga alikuwa na machozi, nikamwambia machozi baadaye, kwanza adake. Akadaka mbili. Kombe likawa letu.

Mtangazaji wa redio, akimkimbilia Twiga na kipaza sauti, akanigonga bega, akasimama kuniomba radhi.

"Samahani mama. Na wewe ni nani kwenye timu?"

Nilitaka kumhesabia mechi zote nilizodaka, moja baada ya nyingine.

"Mama wa kipa," nikasema.