Bibi Akate Uzi Kwanza

Tangu utotoni walimwita Kimya, na hakuna aliyemsingizia. Nyumbani aliongea mpaka akaombwa apumzishe watu, lakini mbele ya wageni ulimi wake uligeuka gogo. Shule zote alipita salama kwa sababu mitihani ilikuwa ya kuandika. Kisha akaingia chuo kikuu kusomea historia, akakutana na somo la Kilatini kwa wanaoanza, na mwalimu wa Kilatini alikuwa na sheria yake: kila mwanafunzi atasimama mbele ya wenzake aseme kwa sauti yale aliyojifunza.

"Wenye lugha hii walishakufa," mwalimu alisema siku ya kwanza. "Tusipowaazima vinywa vyetu, watasemea wapi?"

Alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye sweta ya kijivu iliyotoboka kiwikoni. Kila alipoandika ubaoni, kiwiko kilichungulia nje kama mtoto dirishani. Wanafunzi walimpenda kwa hilo pia.

Siku ya jaribio la kwanza Kimya alisimama. Akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama, na habari ikaishia hapo. Alirudi kitini bila kutoa hata neno moja.

Mwalimu hakumkaripia. Alingoja wenzake watoke, akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Sitakuficha, binti yangu. Jaribio la pili ndilo la mwisho. Asiyepita Kilatini, idara ya historia humhamishia masomo mengine. Kumbukumbu za kale mtakazosoma ziko kwa lugha hii. Nenda ukajiandae. Mimi najua unajua."

Maneno hayo ya mwisho Kimya aliyabeba mpaka nyumbani.

Nyumbani palikuwa chumba kimoja cha kulala na kingine cha kushonea. Bibi yake, aliyemlea tangu angali anatambaa, alikuwa fundi wa majoho, yale mavazi meusi ya siku ya kuhitimu. Majoho yaliyokamilika yalining'inia ukutani kama watu waliopanga foleni kwa adabu. Katikati ilikaa cherehani ya miguu, na nyuma yake alikaa Bibi, pini mdomoni.

"Umefeli?" Bibi aliuliza, maana aliona uso.

"Bado. Nilinyamaza."

"Wewe ulinyamaza? Wewe uliyenichosha masikio asubuhi nzima kwa habari ya sukari?"

"Bibi, kule kuna watu."

"Na mimi ni nini, kabati?"

Kimya akacheka, kisha akalia kidogo. Bibi alitoa pini mdomoni, akamwacha alie. Alijua mjukuu wake analilia nini.

Zamani, Kimya alipokuwa mdogo wa kushikwa mkono, walikuwa wakipeleka majoho pamoja chuoni, kwenye maktaba, maana ndiko yalikohifadhiwa. Bawabu aliyapokea mlangoni, Bibi akashukuru, wakageuka. Juu ya mlango ule palikuwa na maneno yaliyochongwa kwenye jiwe.

"Bibi, pale pameandikwa nini?"

"Sijui, mama. Lugha ya zamani hiyo. Watakuwa wanakataza kitu. Milango mikubwa haina maneno mengine. Ukue usome, uje uniambie."

Mtoto akaahidi, na ahadi ile hakuisahau. Hata sasa alipokuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, alipita chini ya maneno yale akiwa ameinamisha macho. Rafiki yake, msichana mcheshi aliyeitwa Miwani kwa sababu ya miwani yake minene kama vizibo vya chupa, alikuwa akimtania. "Nikwambie? Nikwambie ni nini?" Na Kimya huziba masikio: "Koma! Nikipita mtihani ndipo nitayasoma mwenyewe, na Bibi akiwa pembeni yangu."

Sasa ilielekea hatayasoma.

"Basi njoo hapa," Bibi akasema, akikaa sawa. "Mimi nashona, wewe sema hicho Kilatini chako. Sikutazami. Macho yangu yana kazi."

Kimya akakaa juu ya robota la kitambaa. Cherehani ikaanza, tika-tika, tika-tika, na kwa mara ya kwanza maneno yale yakapata pa kukanyaga.

"Porto, portas, portat."

"Maana yake?"

"Nabeba, unabeba, anabeba."

"Ngoja nikate uzi." Mikasi ikalia. "Haya, twende."

"Portamus, portatis, portant. Tunabeba, mnabeba, wanabeba."

"Mizigo tu hawa watu!" Bibi akasema. "Basi ni ndugu zetu."

Ikawa desturi yao kila alasiri. Kola moja ilikuwa na mishono miwili, na katikati ya mshono na mshono Bibi alisema, "Ngoja nikate uzi," na Kimya akangoja. Miwani naye akawa anakuja, akikaa sakafuni na kikombe cha chai, akisema yake kwa zamu. Bibi hakuelewa neno, lakini alijua sauti ya mtu anayesitasita. Palipokuja neno gumu alipunguza mguu kwenye kanyagio, mpaka neno lipite, ndipo akaongeza mwendo. Msimu wa kuhitimu ulikuwa unakaribia na kazi zilimjaa mpaka shingoni, lakini mguu ule haukuwahi kumkimbiza mtoto. Kimya alikuja kulitambua jambo hilo baadaye sana, na kila alipolikumbuka alitaka kusimama popote alipo aseme asante.

"Bibi, ukichoka kushona njoo utufundishe," Miwani alisema siku moja.

"Niwafundishe nini? Mimi nawapigia ngoma tu. Kunywa chai, inapoa."

Siku ya jaribio la pili ikafika. Kimya aliamka mapema, akapiga moyo konde, akaenda. Darasa lilikuwa limejaa. Alipoitwa alisimama mbele, na yale macho yote yakamgeukia kama mara ya kwanza. Ulimi ukaanza kuwa mzito. Ndipo akatazama chini, akaona mguu wake wa kulia ukipanda na kushuka wenyewe sakafuni. Tika-tika, tika-tika.

"Porto, portas, portat," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

Kisha akanyamaza.

Darasa likasubiri. Mtu akakohoa. Miwani, kule nyuma, akafumba macho kwa hofu. Mwalimu aliinua kichwa taratibu.

"Umesahau, binti yangu?"

"Hapana, mwalimu," Kimya akajibu, na kwa kuwa hakuwa na uongo karibu, akasema ukweli. "Namngoja Bibi akate uzi."

Kicheko kikalipuka. Kimya alihisi ardhi ingempasukia angeshukuru. Lakini Miwani alishasimama. "Mwalimu, bibi yake ni fundi! Huwa tunasoma naye akiwa anashona. Hapo katikati lazima akate uzi. Hata mimi hapa nilikuwa nangoja!"

Vicheko vikapungua, vikabadilika, vikawa vya watu wanaotaka kusikia zaidi. Mwalimu aliweka chaki mezani. Hakucheka, ila macho yake yalilainika.

"Kumbe," alisema. "Basi tumngoje. Fundi haharakishwi."

Na kweli akangoja. Alikunja mikono, kiwiko kikachungulia, na darasa zima likakaa kimya kama lina mgeni. Halafu mwalimu akainua vidole viwili hewani, akavifumba mfano wa mikasi. "Tayari?"

"Tayari," Kimya akasema. "Portamus, portatis, portant."

Baada ya hapo hakuna aliyemzuia. Kila alipofika katikati alisimama, na mwalimu akakata uzi kwa vidole, na mpaka anakaribia mwisho safu nzima ya mbele ilikuwa inakata pamoja naye. Alipomaliza, mwalimu alisema, "Umepita," kisha akaongeza, "Msalimie fundi."

Alasiri ile Kimya aliingia chumba cha kushonea akihema. Bibi alisimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Nimepita. Lakini nilikwama pale pa uzi, Bibi."

Bibi akashika kichwa. "Mungu wangu! Ni mimi nimekuponza!"

"Walikungoja. Darasa zima, na mwalimu, yule wa sweta iliyotoboka kiwiko. Alisema fundi haharakishwi."

Bibi aliupapasa mshono ambao haujaisha. "Watu wa huko," akasema mwishowe, "kumbe wana utu hivyo." Kisha akainuka kutafuta viatu vyake. "Mzigo wa majoho uko tayari. Shika upande huo. Tuna mlango wa kusoma."

Walisimama mbele ya maktaba, kila mmoja na upande wake wa mzigo. Kimya akainua macho. Maneno yalikuwa mawili tu, yameliwa na mvua pembeni. Intrate omnes. Aliyasoma kwa sauti, na watu walikuwa wanapita.

"Wanakataza nini?" Bibi akauliza.

"Hawakatazi, Bibi. Wanasema: ingieni nyote."

Bibi alitazama lile jiwe kwa muda. Miaka yote alikuwa ameishia pale kizingitini, akashukuru, akageuka. Alipangusa viatu vyake, kwanza kimoja, kisha kingine. Bawabu akasogea kupokea mzigo kama kawaida.

"Leo utaacha tuupeleke wenyewe, baba," Bibi akamwambia kwa upole.

"Karibuni, mama. Mnamtafuta nani humo ndani?"

"Hatumtafuti mtu," Bibi akasema, akimshika mjukuu wake mkono. "Tumesoma hapo juu, tumekaribishwa. Na huyo mwalimu mwenye sweta, ukimwona, mwambie ailete. Kiwiko hicho ni kazi ya dakika."