Kituo cha Tatu, Sakixim

Ermelinda Caal alikuwa na meza ya plastiki, kalamu mbili na ramani ya Guatemala iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, kwenye baraza ya nyumba ya wageni pale Cobán. Kazi yake ilikuwa kuwapangia safari watalii wa mabegi mgongoni: Lanquín siku mbili, mabwawa ya Semuc Champey, kisha kaskazini mpaka Flores na magofu ya Tikal. Kabla ya kumpa mtu karatasi yake, alichoma ubani kwenye kopo la maziwa akautajia Mlima vituo vyote, kimoja kimoja, maana Mlima ndio wenye njia na haupitiwi bila kuombwa.

Jumatatu moja ya Machi foleni ilikuwa ya watu kumi na tisa. Kwa uchovu akavitaja vituo jinsi alivyovisikia utotoni kwa baba yake, Anselmo, kondakta wa basi: Lanquín, Cahabón, Sakixim. Sakixim iko chini ya maji ya bwawa la umeme tangu mwaka themanini na mbili. Lakini ubani ulishapanda, na ukishauomba Mlima kitu huwezi kusema umekosea. Akaandika Sakixim, kituo cha tatu, akampa karatasi Signe, nesi kutoka Denmaki.

Siku ya sita Signe alirudi kuchukua begi aliloliacha.

"Ehe, ilikuwaje?"

"Lanquín kelele tupu. Sakixim ndiyo nimeipenda dada, watu wakarimu kweli. Ila supu ya baridi, na vitanda vimeloa chapachapa. Halafu mbona hamsemi kwamba simu haishiki?"

Ermelinda akaandika pembeni: simu haishiki. "Ulilala kwa nani?"

"Kwa jamaa mmoja, miaka thelathini hivi. Anselmo. Kifuani ana matundu matatu, visamaki vinaingia na kutoka. Anaita vituo vya basi hata akiwa anakula."

Alikuwa na picha kwenye simu. Ermelinda akampelekea mama yake, Candelaria, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma. Bibi akaisogeza karibu na macho.

"Amekonda."

"Mama, ana miaka arobaini na kitu majini."

"Hata kabla ya hapo alikuwa hali vizuri huyu. Na kifungo hajashona mpaka leo, mwone!"

Jumanne ile ya mwaka themanini na mbili Candelaria alikuwa sokoni Cobán na mtoto, anauza pilipili. Wanajeshi walifika Sakixim siku hiyo. Maji yalifika Ijumaa. Serikali iliandika kwamba kijiji kilikuwa kitupu, watu walihama kwa hiari yao. Tangu hapo Candelaria aliomba karatasi moja tu, ya kusema Anselmo alifia pale, kwa sababu bila karatasi hiyo hakuna hakimu wa kuruhusu mifupa itafutwe. Sasa daktari alikuwa amemwambia hafiki Desemba.

Kwa hiyo Ermelinda hakuacha kukitaja kituo. Aprili nzima kila mtalii alipewa daftari. Waliporudi, viatu vimejaa tope, daftari zilikuwa na majina mia moja na saba ya watu wa Sakixim, alama ya dole gumba kwa kila jina, na picha za matundu. Wengi walilalamikia kifungua kinywa.

Mwezi wa tano, mama na binti wakazipeleka ofisini kwa Bwana Ovalle, ofisa wa serikali mwenye faili la Sakixim. Alifungua ukurasa mmoja mmoja. Hakuwa na haraka.

"Picha za lini hizi?"

"Za wiki jana."

"Na hawa wamewapikia wageni?"

"Supu," Ermelinda akasema. "Ya baridi, lakini supu."

"Dole gumba wametia wenyewe?"

"Wenyewe kabisa."

"Basi hongera, bibi. Wako hai."

"Wamepigwa risasi, mheshimiwa. Hesabu matundu."

"Bibi, maiti hapiki. Miaka yote mnakuja hapa mnatuambia wamekufa. Leo mmeniletea ushahidi kwamba wazima, tena na picha. Nifanyeje mimi?" Akagonga muhuri: faili limefungwa.

"Wewe mwanangu," Candelaria akamwuliza, "ungekaa huko chini ukaitwa mzima?"

Bwana Ovalle akawaomba wafunge mlango taratibu, ubaridi wa kiyoyozi usitoke.

Mwezi wa sita kibao cha serikali cha kuwaelekeza watalii Sakixim kiliwekwa kando ya bwawa, chenye alama ya kitanda na kijiko. Candelaria hakuwa anaamka kitandani tena. Alimwambia binti yake alivute sanduku dogo la mbao lililokuwa chini ya kitanda, lile alilotengenezesha kwa ajili ya mifupa ya mumewe. Ndani mlikuwa na shuka jeupe alilolifuma mwenyewe. Akaagiza aitwe msichana wa Kibrazili aliyekuwa anasubiri pikapu.

"Mpe Anselmo, nyumba ya mwisho."

"Nimwambie nini, bibi?"

"Mwambie wamekataa. Ajifunike hivyohivyo."

Msichana akalipima shuka kwa mkono. Begi lake lilikuwa tayari na kilo kumi na mbili. Akaona halizidishi kitu, akalisukumia juu ya sweta, akatoka kupanda gari.