Pindo la Mashuka Tisa

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwake nguo iliyoshonwa vibaya ni dhambi kuliko uongo. Mimi nashona picha za ukutani. Hiyo haiiti kazi. Anasema natundika matambara.

Safari hii hakukosea. Yalikuwa mashuka tisa niliyolalia miaka minne nikivuja mkojo, baada ya uchungu wa siku tatu na mtoto aliyezaliwa hapumui. Baadaye nilitibiwa nikapona. Mume alikuwa keshaondoka zamani. Siilaumu pua yake, naulaumu mdomo wake, maana mtaa mzima ulijua.

Niliyaunga mashuka kwa ajili ya maonyesho, bila kuficha madoa. Kila doa nililizungushia uzi mwekundu, kama fundi anavyopiga chaki pa kukata. Mama alipoyaona mezani, aliweka mkasi chini.

"Miaka minne nimekusitiri. Nafua alfajiri watu wasione. Leo unakwenda kuyaanika ukumbini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huko usiseme una mama."

Iliniuma mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Lakini niliyatundika.

Siku ya maonyesho watu walisimama mbali. Walisoma karatasi yangu ya maelezo, kisha ghafla kila mmoja akawa na simu ya kupokea. Nilishaanza kujuta nilipomwona mama mlangoni, kipochi kwapani. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pindo la chini, akaligeuza upande wa ndani, akasonya.

"Nani kakufundisha kupinda hivi? Unanitia aibu."

Kumbe aibu ni pindo! Nilitaka kucheka, nikaogopa. Alivuta kiti, akatoa sindano, akaanza kufumua na kushona upya mbele za watu, doa kubwa kuliko yote likiwa mapajani mwake.

Mwanamke mmoja mwenye mtandio wa bluu alimwinamia.

"Shikamoo, mama. Haya mashuka ni ya nani?"

Mama alikata uzi kwa meno, taratibu.

"Marahaba. Ya binti yangu, yule pale. Nilikuwa nayafua mimi." Akamtazama juu mpaka chini. "Na ya kwenu, anafua nani?"

Mwanamke aliketi sakafuni, hapo hapo miguuni pake.

"Ya mdogo wangu," alisema. "Anafua mwenyewe."