Mstaafu Hafui Nepi

...na huyu naye anamjibu wakala kabla sijafungua mdomo, "mama anataka viza ya mzazi," mama anataka, nani kamwambia, mimi niliyemzaa nimekaa hapa hapa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, feni inanipeperushia mtandio, na mwanangu ananisemea kama anavyosemewa mgonjwa aliyekata kauli, afadhali huyu binti wakala, kucha ndefu sijui vifungo anafungaje, ananitazama mimi wala si yeye, "nimekuuliza wewe bibi, unachagua ipi?" ngoja binti, usinikimbize, umesema zipo tatu, kuna ya matembezi, hujakaa ukatulia wanakutoa, mwakani unaanza tena kupanga foleni, hiyo naijua, ndiyo niliyoendea kwa huyu mwanangu ng'ambo mara ile, halafu hiyo ya mzazi, unaingia chini ya mwanao, yeye ndiye mdhamini, na wewe wanakuandika mtegemezi, mtegemezi! mimi niliyepiga pasi mashuka ya hospitali mpaka mkono wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto, nikamsomesha huyu huyu, leo nimtegemee... na hii ya tatu, ya wastaafu, leo ndiyo kwanza naisikia, unaonyesha pensheni yako, unakata bima ya matibabu, unakaa kwao miezi kadhaa, unarudi kwako, mwaka ukigeuka unaomba waiongeze, unakwenda tena, humpigii mtu magoti... "Hiyo ya wastaafu ina usumbufu, mama," anasema kwa sauti ya upole, na upole wake naujua mie, utotoni akivunja kitu alikuwa anakuja kunikanda miguu, usumbufu gani baba, pensheni ninayo, ya kuchekesha lakini ninayo, pamoja na kodi ya vile vyumba vya uani wakala kasema inafika, kwa kubanabana inafika, basi usumbufu ni wa nani... ahaa. Mkewe ana mapacha tumboni. Ndiyo maana likizo hii kaja na kanga mbili na manukato, nikasema leo jua limetoka magharibi. Mara ile nimefika jioni, asubuhi yake nakabidhiwa mtoto na chupa, hao kazini, ufunguo wameondoka nao, "kwa usalama wako mama," usalama! kama kuku wa kufuga, ila mimi sijazaliwa jana, ufunguo wa akiba niliuona ndani ya kiatu, lile buti la baridi la mkwe wangu, nikambeba mjukuu mgongoni, tukashuka ngazi mpaka kwenye duka la kufulia nguo, mashine zimejipanga zinazunguka, na benchini wanawake watatu wa rika langu, lugha yao siijui, yangu hawaijui, na umbea tuliopiga pale sijawahi kuupiga kwa lugha yoyote! yule mwenye nywele za zambarau ananyanyua shati la mkwe wake, analinusa, anabana pua, anachora kiuno cha mwanamke hewani, sote hoi, machozi yanatutoka, hadi mkwe wangu alipotukuta, "mama, tulikuwa na wasiwasi," na kesho yake buti likahama... "Lakini bibi nikuambie mapema," wakala anasema, "hii ya wastaafu ina masharti, huruhusiwi kufanya kazi." "Umeona mama?" huyo mwanangu, kadakia. "Kazi yoyote," anaendelea binti, "hata kulea watoto, wakienda kazini wakakuachia kutwa nzima, kule wanaihesabu kazi." Rudia mwanangu, rudia polepole, nisikie vizuri, yaani serikali ya watu, isiyonijua sura wala jina la ubatizo, imekaa kitako ikapitisha sheria kwamba mimi nisifue nepi! tangu naolewa nasubiri mtu atamke neno hilo, si mama yangu, si mama mkwe wangu, si marehemu mume wangu Mungu amlaze pema, limetoka kwa wageni, na huyu aliyesema "umeona mama" sasa anakuna shingo, nimeona baba, nimeona mpaka ng'ambo... ila nyumbani watasema, jirani yangu wa mkono wa kushoto atalipokea kabla sijashuka kwenye gari, kakataa wajukuu, bibi gani yule, ningekuwa yeye nami ningesema, tena ningeongeza chumvi, basi waniseme, nimewasema wote mtaa mzima, zamu yangu imefika, nitawaachia mada ya kuwafikisha mpaka nirudi... "Hali yetu unaijua mama," ananinong'oneza, macho mekundu, hajalala vizuri tangu aje, kweli kachoka, si mtoto mbaya, kazoea tu, na aliyemzoesha yuko kwenye kiti hiki, lakini sitamzoesha na mapacha wake, nitapanga chumba changu huko huko, Jumapili nitakwenda kwao nipige hodi mlangoni kama mgeni anayetarajiwa, nikaribishwe, niwapakate wajukuu kwa hamu yangu mpaka ganzi iniingie, wakianza kulia njaa niwarudishe kwa mwenyewe, kwaherini, sheria hairuhusu... atanuna, namjua, ananuna kama baba yake, mdomo mbele, akinuna hali, asipokula anakonda, akikonda moyo unaniuma, basi na uniume, nitaumwa nao nikiwa mstaafu... "Bibi?" anasema wakala, naam mwanangu, nimekusikia, acha kwanza nimgeukie huyu niliyemzaa, hili nataka nilitamke tukitazamana machoni.