Msomaji wa Nekesa

Nekesa alifundisha chekechea kule Misikhu miaka kumi na minane bila cheti, na watoto walimpenda kuliko uji wa saa nne. Lakini mwaka wa 2007 amri ikashuka: asiye na cheti ifikapo Januari, awaage watoto. Naye, maskini, tangu utotoni herufi hazikutulia machoni pake. Alichapwa sana kwa hilo, akaitwa mjinga, ilhali ukimsomea jambo mara moja tu halimtoki tena.

Chuo kimoja cha Kitale kilimwelewa. Wakampa msomaji, mtu wa kuketi naye bega kwa bega katika chumba cha pekee, amsomee swali, naye amnong'oneze jibu liandikwe. Hivyo alifaulu somo baada ya somo, alama za kila moja zikiwekwa akiba mpaka cheti kitimie, hadi likabaki moja, la mwisho kabla ya Januari.

Jumanne asubuhi, siku ya somo hilo, msomaji wake aliamka mgonjwa. Msimamizi, Bwana Wahome, akaingia na mwalimu kijana wa kuazima, karatasi ya maswali tayari mkononi mwake. Kijana huyo alikuwa Derrick, aliyemwoa Phelista, binti ya Nekesa, Desemba iliyopita.

Nekesa alijifunika uso kwa leso. Derrick alirudi nyuma hadi mlangoni, macho chini. Kwao, mtu na mama wa mkewe hawaketi pamoja wala kutazamana, sembuse kunong'onezana.

"Mwalimu, mimi siwezi. Huyu ni mama ya bibi yangu."

"Si hiyo ni bahati, bana!" Wahome alicheka. "Kaa hapo, dakika zinaisha."

"Wacha nisomee nje ya mlango."

"Ati nje? Karatasi haitoki hapa."

"Mwingine hakuna?" Nekesa aliuliza, akiuelekea ukuta.

"Hakuna, mama. Ni huyu ama ujisomee."

Derrick akapiga hatua moja kuelekea kiti. Alikuwa tayari kuibeba aibu hiyo, kijana wa watu.

"Mwambie aende," Nekesa akamwambia Wahome. "Sitaki msichana wangu achekwe kwa boma ya wenyewe."

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Anayeishika hulipwa nini, hilo hawakusema, na mimi linaniudhi mpaka leo. Nekesa alikaa saa mbili mbele ya karatasi ile, akaandika jina lake kwa taabu, akairudisha.

Jumapili Phelista alikuja Misikhu. Derrick alikuwa ameyapitia maswali kabla ya kutoka, akamtuma ayapeleke.

"Mama, la kwanza liliuliza hivi: utasaidia aje mtoto mwenye kusoma inamshinda na wenzake wanaweza?"

Nekesa aliweka chini ungo wa maharagwe. Akajibu. Usimchape. Usimcheke mbele ya wenzake. Msomee, umwache aeleze kwa mdomo. Mwache achore herufi mchangani kwa kidole, hata mara mia. Alijibu lote, polepole, kama mtu anayesubiri mwenzake aandike, na Phelista alilia tu kwa sababu muda wa kuandika ulikuwa umeisha tangu Jumanne.